Kengele imenyamaza: jinsi mazoea ya kusoma yanavyojengwa chuoni

Katika shule ya bweni, kengele inalia saa 11 alfajiri, nje bado giza. Kuna mchakamchaka, kuna ndoo na fagio, kuna paredi, halafu vipindi vya dakika 40 vinafuatana mpaka alasiri. Saa 1 usiku inalia tena, watu wanaingia prepo, na mwalimu wa zamu anapita dirishani kuangalia nani kalaza kichwa juu ya dawati. Ukimaliza kidato cha sita, huenda ukaitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na huko kengele inageuka filimbi na sauti ya afande. Kisha inafika Oktoba au Novemba. Kijana anashusha begi mbele ya bweni la chuo kikuu, anapewa ufunguo, na tangu siku hiyo hakuna kitu kinacholia.

Naanzia kwenye ukimya huo kwa sababu naamini tatizo lipo hapo. Aliyepata daraja la kwanza kidato cha sita akianguka muhula wa kwanza chuoni, nyumbani watasema mji umemharibu, amelewa uhuru, amekuwa mvivu. Wapo wa namna hiyo. Lakini wengi niliosoma nao wakaanguka walikuwa walewale wa jana, wenye akili ileile na hamu ileile ya kumtoa mama yao kwenye shida. Kilichokuwa kimeondoka ni kengele. Mazoea yao ya kusoma yalikuwa mali ya shule, na walipohitimu shule ilibaki nayo.

Hapa inafaa tutenganishe maneno mawili. Tukisema "tabia", akili inakimbilia maadili: mtoto huyu ana tabia nzuri, anasalimia wakubwa, si mwizi. Ndiyo maana ushauri kwa wanafunzi mara nyingi hugeuka mahubiri: uwe na bidii, jiheshimu, epuka makundi mabaya. Ni maneno ya kweli, ila hayamwambii mtu saa 10 jioni ya Jumanne akae wapi na ashike nini. Neno linalobeba jambo hili ni "mazoea". Mama anayeuza gengeni hakai kitandani kila alfajiri akijadiliana na nafsi yake kama leo aende sokoni au asiende. Adhana ikisikika, miguu iko chini, khanga iko begani. Uamuzi ulishafanyika zamani. Siku hizi wakati na mahali ndivyo vinavyomwamulia. Hilo ndilo zoea, na halina uhusiano mkubwa na mtu kuwa mwema au mbaya.

Watafiti wamejaribu kupima muda unaohitajika ili kitendo kifike hatua hiyo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa siku 84. Kila mmoja alichagua kitendo kimoja kidogo, kama kula tunda au kunywa maji, akakifungamanisha na jambo lililokuwa tayari kwenye siku yake, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Muda wa katikati wa kitendo kuzoeleka ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kutoka siku 18 hadi siku 254, hizi za mwisho zikiwa makadirio ya hesabu, maana zinapita siku walizofuatiliwa. Vitendo vyepesi viliwahi, vizito vilichelewa.

Sasa chukua hizo siku 66 uziweke juu ya kalenda ya chuo. Muhula una takribani wiki 15 za masomo, na siku 66 ni wiki tisa na nusu. Anayeanza wiki ya kwanza, wakati wengine bado wanatafuta vyumba na kupiga picha za vitambulisho, anaweza kufika wiki ya kumi kitendo chake kikiwa kinajiendesha. Anayesubiri matokeo ya majaribio ya katikati ya muhula ndipo ajirekebishe ataingia kwenye UE, yaani mtihani wa mwisho, akiwa bado anajisukuma kwa nguvu kila siku. Wote wawili wanaweza kuwa na bidii sawa. Mmoja anailipia bei ghali zaidi.

Hesabu ya pili ni ya saa, na hii sikuelezwa na mtu nikiwa mwaka wa kwanza. Katika mfumo wa krediti unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Mwaka wa shahada una krediti 120, kwa hiyo muhula una 60, sawa na saa 600. Zigawe kwa wiki 15 upate saa 40 kwa wiki, kama mfanyakazi wa ofisini. Kisha tazama ratiba iliyobandikwa ubaoni: mihadhara na semina zikijumlishwa, kozi nyingi hazifiki nusu ya hapo, au zinapita kidogo tu. Saa kama 20 kila wiki zimehesabiwa kwenye shahada yako lakini hazipo kwenye ratiba. Hazina chumba wala mhadhiri. Mwanafunzi mpya anaziona kama mapumziko, maana kwa miaka yote aliyosoma, saa ambayo kengele haikuilia ilikuwa saa ya kupumzika.

Mimi niliziona hivyo. Jaribio langu la kwanza lilikuwa Ijumaa asubuhi. Alhamisi usiku nilikaa na desa (nakala ya maelezo ya somo) la kurasa sitini hivi, nikalisoma mwanzo mpaka mwisho mara tatu, nikapaka wino wa njano kila mstari ulioonekana wa maana. Mpaka saa 9 usiku kila ukurasa ulikuwa na sura niliyoifahamu. Nililala nikiwa na uhakika. Asubuhi nikafunua karatasi ya maswali, na neno la kwanza la swali la kwanza nilijua limekaa wapi kwenye desa, upande wa kushoto, juu kidogo ya mchoro. Nililiona lile eneo la njano kabisa. Maelezo yaliyokuwa ndani yake sikuyapata.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma maelezo ya kilichonipata. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University huko St. Louis, Marekani, walichapisha mwaka 2006 jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu kifupi katika awamu nne. Kundi jingine lilikisoma katika awamu moja tu, kisha mara tatu likaandika lote linalokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakageuka: asilimia 40 kwa waliorudia kusoma, 61 kwa walioandika bila kutazama. Na waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Kurudia kusoma kunakufanya uzifahamu kurasa kwa sura, na kumfahamu mtu kwa sura hakumaanishi kwamba unajua jina lake.

Kwa hiyo swali "nisome saa ngapi?" linakuja la pili. La kwanza ni "nikikaa chini, mkono wangu unafanya nini?" Zoea la kusoma desa mara tatu linaweza kujengeka vizuri kabisa, likakaa imara miaka mitatu, na bado likakuletea sapu, yaani mtihani wa marudio, kila Septemba.

Chumbani nilikaa na kijana mmoja kutoka Sumbawanga. Hakuwa mwepesi wa kuelewa kuliko sisi; alikuwa akiuliza maswali ambayo wengine tuliona aibu kuyauliza. Nilichelewa kugundua anachokifanya. Kila kipindi kikiisha, kabla hajawasha data, alikuwa akienda kwenye benchi la saruji chini ya mwarobaini nyuma ya ukumbi. Anatoa karatasi moja nyeupe, anaikunja mara mbili ipate sehemu nne, na kwa dakika kumi au kumi na tano anaandika alichobaki nacho kichwani. Hafungui daftari. Anakwama, anatazama juu, anaandika tena. Akimaliza ndipo anafungua daftari na slaidi, anachukua kalamu nyekundu, anajaza mapengo. Wino wa buluu ulikuwa anachokijua, mwekundu ulikuwa anachodhani anakijua. Siku mbili baadaye alianza upya na karatasi nyingine kwa mada ileile, safari hii mwekundu ukiwa kidogo. Jumapili baada ya kufua alirudia tena.

Nilipomuuliza kwa nini hapohapo na si chumbani jioni, alinijibu kwamba akifika chumbani atakuta maneno. Alikuwa na maana mbili. Maneno ya watu, kwa sababu chumba chetu kilikuwa na vitanda vinne na redio, na maneno ya simu. Lakini pia alikuwa amepata jambo ambalo Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alilichapisha mwaka 1885. Usahaulifu unakuja kwa kasi mwanzoni: baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi ya kukariri inakuwa imepotea, baada ya siku moja karibu theluthi mbili, halafu kasi inapungua. Mambo yenye maana yanashika kuliko silabi za Ebbinghaus, lakini umbo la anguko ni hilohilo. Dakika 15 chini ya mwarobaini zinakamata kitu ambacho usiku wa kuamkia mtihani utalazimika kukifukuza kwa saa tatu.

Tazama pia alivyoijenga kengele yake. Hakusema "nitasoma kila siku". Alisema, kwa vitendo, kwamba kipindi kikiisha anakwenda benchini. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alitumia miaka mingi kuchunguza mipango ya aina hii: jambo fulani likitokea, nitafanya hivi, mahali hapa. Katika utafiti wake mmoja huko Ujerumani, uliotolewa mwaka 1997, wanafunzi waliombwa kuandika ripoti fupi kipindi cha Krismasi na kuituma. Walioambiwa waandike kabla ni saa ngapi na wapi watakaa kuiandika, zaidi ya theluthi mbili waliituma. Ambao hawakupanga saa wala mahali, ni kama theluthi moja tu. Nia ya kuandika ilikuwepo pande zote mbili.

Ndiyo maana nashauri kengele ifungwe kwenye tukio kuliko kwenye saa. Ratiba za chuo zinayumba: mhadhiri anasafiri, kipindi cha saa 2 kinahamishiwa saa 11, umeme unakatika. "Saa 10 kamili" inavunjika kirahisi. "Nikitoka kipindini" haivunjiki, hata kipindi kihamishwe mara ngapi. Na kitendo chenyewe kiwe kidogo kiasi kwamba ukiwa umechoka na njaa bado unakiweza. Karatasi moja. Ukianza na azimio la saa nne kila usiku utalishika siku sita.

Kuna swali la kusoma peke yako au na wenzako. Hapa vyuo vyetu vina mali ambayo hatuithamini: diskasheni, yaani kujadiliana masomo kwa makundi. Miaka ya 1970, mwalimu wa hisabati Uri Treisman wa chuo cha Berkeley, California, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi waliofika wakiwa na alama nzuri za sekondari walikuwa wakianguka somo la kalkulasi. Maprofesa aliowauliza walitaja sababu za kawaida: hawana ari, familia hazijali, maandalizi duni. Treisman akawafuatilia wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akaenda nao mpaka walikosomea. Zile sababu hazikusimama. Wanafunzi weusi walikuwa na ari na walitimiza saa walizoambiwa, lakini walisoma peke yao, wametenganisha kabisa masomo na marafiki. Wale wa asili ya China walisoma peke yao kwanza, kisha jioni wakakutana, wakalinganisha majibu, wakabishana, na swali lililowashinda wote wakajua kwamba ni gumu kweli. Aliyekuwa peke yake akishindwa swali hilohilo alihitimisha kwamba yeye ndiye mjinga. Treisman alianzisha warsha za kufanya maswali magumu kwa makundi, na matokeo yakapanda.

Angalia mpangilio: peke yako kwanza, ndipo kundi. Diskasheni nyingi nilizokaa zilikufa kwa kuruka hatua ya kwanza. Watu saba wanakuja mikono mitupu, mmoja aliyesoma anageuka mhadhiri, sita wanaitikia kwa kichwa. Wanaondoka wakidhani wamesoma. Kundi la watatu au wanne, kila mmoja na karatasi yake, linafanya kazi nyingine kabisa.

Na kuna jambo la lugha. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunajibu mtihani kwa Kiingereza, lakini diskasheni ya kweli inafanyika kwa Kiswahili, na wapo wanaoona hilo ni udhaifu. Mimi naona ni kipimo bora kuliko vyote. Sentensi ya Kiingereza ya kwenye slaidi unaweza kuikariri na kuitapika bila kuielewa. Jaribu kumweleza mwenzako kwa Kiswahili kwa nini bei ikipanda mahitaji hushuka, au protini inatengenezwaje ndani ya seli, na papo hapo utajua umeelewa au umebeba maneno tu. Elezaneni kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke, kisha kila mmoja akaandike aya moja kwa Kiingereza, maana karatasi ya mtihani itataka hiyo. Hatua hii ya mwisho wengi huiacha, na wengi hupoteza alama hapo wakati jambo lenyewe wanalijua.

Usingizi nao umechukuliwa kama adui wa msuli, yaani wa kusoma kwa bidii. Kukesha ni sifa. Mtu anatangaza kwenye kundi la darasa kwamba ametoka maktaba alfajiri. Mwaka 1924 pale Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wanasaikolojia Jenkins na Dallenbach waliwatumia wanafunzi wawili tu, wakawa wanakariri silabi, mara nyingine kabla ya kulala, mara nyingine asubuhi kabla ya shughuli za siku. Saa zilezile zikipita, waliolala walikumbuka zaidi ya waliokuwa macho. Tafiti nyingi za baadaye zimelikuza jambo hili kwa vipimo vya ubongo, na mwelekeo umebaki huo: unapolala, ulichosoma kinaendelea kupangwa. Anayekesha kuamkia mtihani anasoma, kisha anaufukuza usingizi ambao ungempangia alichosoma.

Fedha nitaigusa kwa ufupi, ingawa imeua mihula ya watu wengi. Wanaopata mkopo wa serikali wanapokea hela ya kujikimu, ile inayoitwa bumu, ambayo mwaka wa masomo 2022/2023 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na huingia kwa mkupuo wa karibu miezi miwili. Shilingi 600,000 zikitua mkononi mwa kijana ambaye hajawahi kushika 100,000 yake, hazionekani kama 10,000 mara 60. Wiki mbili ni chipsi kuku na viatu; wiki ya saba ni mkate na maji, na mwenye njaa hawezi kukaa benchini akaandika anachokumbuka. Dawa ni ileile ya kengele: siku bumu linapoingia, kabla ya kununua chochote, hamishia sehemu kubwa kwenye akaunti nyingine au kwa mtu wa nyumbani unayemwamini, na ujilipe 70,000 kila Jumatatu.

Sijasema mengi juu ya simu, kwa kuwa kila mtu anajua. Nitasema moja tu: usishindane nayo ikiwa mkononi. Kundi la darasa lina matangazo ya lazima, kwa hiyo huwezi kujiondoa. Lakini ule muda mfupi kati ya kutoka kipindini na kuwasha data ndio muda wenye thamani kubwa kuliko wote kwenye siku ya mwanafunzi, na ukishawasha umekwisha.

Linabaki suala la kuanguka njiani, kwa sababu utaanguka. Kutakuwa na msiba nyumbani, kutakuwa na malaria, kutakuwa na wiki ya majaribio matatu mfululizo. Katika utafiti wa Lally, kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea. Waliokosa na kurudi waliendelea karibu kama kawaida. Kinachoharibu ni deni. Mtu amekosa siku nne, anajiambia kwamba hawezi kuendelea mpaka afidie zote nne, anaangalia mzigo, anaahirisha, na siku nne zinakuwa kumi na nne.

Yule kijana wa Sumbawanga aliugua wiki ya kumi na moja. Alilala siku tano, mdomo umebabuka kwa homa, tukimletea uji. Siku ya sita alikuja kipindini akiwa amevaa sweta kwenye jua la Dar es Salaam. Nilidhani atakuja kwangu kuomba madaftari ya siku zote alizokosa. Kipindi kilipoisha nikamwona anakwenda benchini, anatoa karatasi, anaikunja mara mbili, na anaandika mada ya siku hiyohiyo, ambayo nusu yake haikueleweka bila zile alizokosa. Aliandika kidogo sana. Akachukua kalamu nyekundu, akajaza karibu karatasi nzima. Madaftari yangu aliyaomba Jumamosi.